Nyumba Iliyosomwa kwenye Viraka

Hakuna mtu Keko aliyewahi kuona nyumba ya magogo, na jambo hilo halikumzuia Gaspar kujenga moja.

Alikuwa seremala, Mmakonde wa upande wa Ndanda, mwenye miaka ishirini na sita na mikono ambayo Jovina aliitazama kanisani wakati watu wengine wamefumba macho. Jovina naye alikuwa fundi wa nguo. Aliishi na shangazi yake, Mama Adelina, Mngoni wa Peramiho aliyefua na kupiga pasi vitambaa vya altare vya parokia. Mama Adelina aliwaona wawili hawa wakitazamana mwaka mzima kabla wao wenyewe hawajagundua kwamba wanatazamana. Hakuwakataza. Alisema tu, tena mara moja, kwamba mwenye kauli juu ya Jovina ni baba yake mdogo, Benedikto, aliyeshika nafasi ya kaka yake tangu kaka huyo alipofariki. Benedikto angekuja Dar es Salaam baada ya Pasaka ya mwaka ule wa 1952 kutazama mambo mawili: huyo kijana, na mahali atakapomlaza binti. Barua yake ilikuwa fupi. Akikuta nyumba, atapokea posa. Akikuta chumba cha kupanga, atarudi Songea na mtoto wake.

Wakati barua ile inafika, Gaspar alikuwa hana hata chumba cha kupanga. Alilala karakana, juu ya meza ya kurandia mbao.

Nyumba yenyewe ilianzia Msasani. Huko Jovina alikuwa akienda kila Jumatano kushona kwenye nyumba ya mhandisi mmoja wa kutoka Kanada, na siku moja mke wa mhandisi alimpa mfarishi wa zamani, blanketi zito la viraka, uliochakaa pembeni, autengeneze. Jovina aliukunjua sakafuni na asubuhi ile hakushona chochote. Ulikuwa umeungwa kwa miraba, na kila mraba ulikuwa na jicho jekundu katikati. Kuzunguka jicho hilo palikuwa na tepe za kitambaa, moja baada ya nyingine, kila moja ndefu kuliko iliyotangulia. Pande mbili za mraba tepe nyeupe, pande mbili tepe za giza. Yule mama alimweleza, kwa Kiswahili chake cha kubahatisha, kwamba mchoro ule unaitwa nyumba ya magogo. Bibi yake alizaliwa katika nyumba ya namna hiyo, chumba kimoja kidogo cha miti mizima iliyolazwa juu ya mingine, bila msumari, katikati ya theluji. Tepe ndiyo magogo. Jicho jekundu ndio moto wa ndani. Pande nyeupe zinapigwa na mwanga wa moto, na pande nyingine zimebaki kivulini.

Jovina aliuliza mengi. Aliuliza baridi ya huko inafanana na ya Njombe au inazidi, moshi ulitokea wapi, na bibi alilala upande upi, wa mwanga au wa giza. Aliuliza kila kitu isipokuwa habari ya mlango.

Aliporudi Keko alikuwa haendi, anaruka. Alikusanya mabaki kwa mafundi cherehani wa mtaani, na hakuhangaika kutafuta rangi, kwa sababu rangi zote tatu zilikuwa kwenye kila duka. Magogo ya mwanga aliyakata kwenye marekani. Magogo ya giza aliyakata kwenye kaniki. Moto aliukata kwenye kitambaa cha bendera, chekundu kiasi kwamba Mama Adelina alisema kinamkausha macho. Kufikia mwisho wa Januari alikuwa na miraba kumi na miwili, na hapo ndipo nyumba yao ilipokosa utulivu kabisa, maana aligundua kwamba ukiigeuza miraba ile bila kuongeza uzi, mfarishi unakuwa mwingine. Aliipanga sakafuni, weupe huku na weusi huku, na akina mama wa jirani wakaona matuta ya mihogo yamelala mshazari. Aligeuza minne, ikatokea nyota. Aligeuza mingine, yakatokea mawimbi, na mama mmoja wa Kimwera akaapa kwamba anaona samaki. Walimsumbua kila jioni aigeuze tena. Walicheka mpaka wakakaa chini. Mtu aliuliza blanketi zito namna ile ni la nini hapa Keko, mahali ambapo watu hutoa mikeka nje kwa joto, na Mama Adelina akajibu kwamba ni blanketi la kutazama, na wenye joto watazame kwa mbali.

Gaspar aliletwa aone kama wengine. Aliinama juu ya mraba mmoja, akapita na kidole kutoka kwenye jicho jekundu kwenda nje, utepe baada ya utepe, kona baada ya kona. Jovina alimsimulia yote aliyoambiwa Msasani. Gaspar akasema jambo ambalo fundi wa nguo hangelisema kamwe.

"Jovina, hii ramani."

Alikuwa na maana hiyo hiyo. Kwake mraba ule ulikuwa nyumba iliyotazamwa kutoka juu, na mshonaji wake alikuwa ameonyesha kila kitu ambacho seremala anahitaji kujua: uanze na moto, ulaze gogo, gogo linalofuata lilale juu ya ncha ya lile la kwanza, uzunguke, usiache nafasi popote. Jovina alimtazama na kuona kwamba anaamini, akaona pia kwamba tangu dakika ile yeye mwenyewe anaamini, na wote wawili wakaanza kucheka bila kujua wanacheka nini.

Kiwanja kilipatikana, kidogo, pembeni ya shamba la mzee mmoja wa Kizaramo aliyependezwa na wazo lenyewe. Magogo yalipatikana Msasani. Kulikuwa na watu wanakata mivinje karibu na ufuko ili wajenge nyumba kubwa, nao walifurahi kuona mtu anayetaka kuwaondolea miti ile. Gaspar aliibeba kwa mkokoteni, safari kumi na moja kuvuka mji mzima, akisaidiwa na rafiki yake Kasiani.

Kasiani huyu alikuwa seremala mwenzake, Mhehe wa Iringa, mtu mrefu mwenye sauti ya kengele. Alikubali kuwa mshenga wa Gaspar kwa sababu moja aliyoitangaza karakana nzima: bibi arusi ni Mngoni. Wahehe na Wangoni ni watani tangu vita vya mababu zao vilipokwisha, na mtani ana haki ya kukutukana mbele ya wakwe zako, na hata kukamata mali yako na kuishikilia mpaka uikomboe, nawe huna ruhusa ya kununa. Kasiani alisema amengojea maisha yake yote apewe Mngoni wa kumposea mtu.

Wakajenga. Gaspar alianza na jiko la udongo mwekundu, akaliweka katikati ya kiwanja kitupu, na watu waliopita waliona seremala amejenga jiko porini halafu anazunguka akilipimia ukuta. Akalaza gogo la kwanza. Akachonga ncha zake shimo dogo kama bakuli, akalaza la pili juu yake, likakaa kama limezaliwa hapo. La tatu. La nne. Kila jioni Jovina alikuja na mraba mmoja wa kitambaa mkononi, nao watatu waliufuata kama watu wanaosoma barua. Haikuwa nyumba kubwa, hatua sita kwa tano, lakini magogo yalipanda mpaka gotini, mpaka kiunoni, na harufu ya mvinje mbichi ikafika kwa majirani, na Keko yote yenye misumeno na randa zake ikaanza kupitia njia ile ili ione.

Hapo ndipo lilipoibuka suala la mlango.

Aliyeuliza ni Mama Adelina. Alikuja na sahani ya ugali, akauvuka ukuta uliomfika kiunoni kwa taabu kubwa, na alipokuwa amekwama katikati, mguu mmoja ndani na mmoja nje, aliuliza kwa upole kama hivi ndivyo watakavyoishi. Gaspar alimwambia mlango upo njiani. Ukweli ni kwamba alikuwa amejaribu. Alikuwa amelaza magogo mafupi, ya kuishia pale mlango utakapokuwa, na kwa kuwa gogo fupi lina kona moja tu ya kulishika, yalizunguka na kuporomoka. Aliyarudisha. Yakaporomoka tena, safari hii juu ya mguu wa Kasiani. Kisha alirudi kwenye mraba wa Jovina kutafuta wenye nyumba wa Kanada waliuachaje mlango, na mraba haukusema kitu. Tepe zilizunguka nzima, kona hadi kona. Hapakuwa na pengo.

"Hata kwako hakuna," alimwambia Jovina, si kwa kulaumu.

Jovina alikiri hakuna. Wakakubaliana kwamba mlango utajionyesha wenyewe, na kwa sababu walikuwa na furaha waliona hilo ni jibu. Ukuta ukapanda. Ulipofika shingoni, Gaspar alihamishia zana zake zote humo ndani, maana hakuna mwizi wa Keko aliyejua pa kuingilia. Ulipozidi kimo cha mtu walianza kutumia ngazi: unapanda kwa nje, unakaa juu ya gogo la mwisho, unaivuta ngazi na kuishusha ndani. Ngazi ilikuwa moja. Watu walianza kumuuliza Gaspar kama amejenga nyumba au kisima.

Baba mdogo Benedikto alitazamiwa Jumamosi. Lakini malori ya kutoka Songea siku hizo hayakuwa na ratiba, na lile alilopanda lilikutana na jingine Njombe lililokuwa linaondoka saa ile ile, na hilo nalo likakutana na jingine Iringa, na kwa hiyo alifika Alhamisi, saa nne asubuhi, na vumbi hadi kwenye nyusi, amebeba jogoo kwapani. Mama Adelina alimpokea, akampa maji ya kuoga na uji, akampigia hadithi ndefu za ndugu wote. Alipoona hadithi zimekwisha na kaka yake bado anaulizia nyumba, alitwaa khanga yake akampeleka.

Asubuhi hiyo hiyo Jovina alikuwa amepanda ngazi kwa mara ya kwanza.

Alitaka tu kuona. Kasiani alikaa juu ya ukuta kama kawaida, akaihamisha ngazi, na Jovina akashuka ndani, alikokuwa Gaspar na zana zake, na kusimama karibu na jiko. Paa halikuwapo bado. Jua lilipita katika nyufa za magogo, kwa maana mivinje haikunyooka sana, na likachora sakafuni mistari mirefu, mweupe na mweusi, mweupe na mweusi. Ukuta wa magharibi uling'aa wote. Ukuta wa mashariki ulikuwa na giza. Yeye alikuwa katikati, amevaa gauni jekundu.

Alimwonyesha Gaspar kwa mkono. Gaspar aliona. Kasiani naye huko juu aliona, akasema kwa mara ya kwanza maishani neno ambalo halikuwa la matusi, kisha akaona aibu, akaivuta ngazi na kuirudisha nje ili ashuke akanywe maji.

Alikuwa kwenye kipandio cha mwisho cha ngazi alipomwona Mama Adelina anakuja na mzee mwenye jogoo.

Mama Adelina alimtambulisha. Kasiani hakuhitaji zaidi ya jina la kabila. Alimwamkia mzee shikamoo kwa heshima yote, akangoja aitikiwe, kisha akamuuliza kama ni kweli amepita Iringa juzi bila kubisha hodi. Benedikto, aliyekuwa amechoka lakini si kiasi cha kushindwa utani, alijibu kwamba alibisha, ila Wahehe wote walikuwa wamejificha waliposikia Mngoni anapita. Kasiani alitikisa kichwa kwa furaha. Akaitwaa ngazi begani.

"Basi hii nimeiteka," alisema. "Ikombolewe kwa huyo jogoo."

Benedikto alisema jogoo huyu amesafiri siku nne kwa ajili ya dada yake na hatakomboa hata ufalme, sembuse ngazi. Kasiani akasema vema, akaondoka na ngazi kuelekea karakana, kuwaita mafundi wote waje wamtazame Mngoni aliyenyimwa nyumba. Aliwasahau kabisa waliokuwa ndani. Au hakuwasahau, jambo hili lilibishaniwa miaka mingi.

Benedikto aliizunguka nyumba. Aligonga magogo kwa kifundo cha kidole, akainamia kona, akapitisha mkono kwenye maungio na kuguna, na mtu aliyemfahamu angejua kwamba lile lilikuwa guno la sifa. Alirudi alipoanzia. Akazunguka tena, polepole, safari hii akipapasa. Mara ya tatu alisimama.

"Dada, mlango uko wapi?"

Kabla Mama Adelina hajapata la kusema, ukuta ulisema shikamoo baba mdogo.

Benedikto aliitikia marahaba. Ni mazoea. Kisha akatazama ukuta, akamtazama dada yake, na uso wake ukabadilika kidogo kidogo, kama mtu anayefanya hesabu ngumu. Ukuta ukamwamkia mara ya pili, kwa sauti ya kiume.

Ndani, Jovina alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Hofu ilikuwa imemshika kweli, alijua ni nini kinachoweza kupotea dakika ile, na bado kicheko kilikuwa kinampanda kama maziwa kwenye sufuria. Gaspar aliweza kuupanda ukuta kwa nyufa, alikuwa ameshafanya hivyo mara nyingi, lakini hangeweza kumwacha, na yeye kwa gauni lile hangeweza kumfuata. Mama Adelina kule nje alianza kueleza haraka haraka kwamba hawa watoto wameingia sasa hivi, kwamba Kasiani alikuwa juu anawaona, kwamba nyumba haina paa na Mungu pia anawaona.

Benedikto alimwinulia mkono. Aliongea na magogo.

"Sikilizeni. Binti yangu haruki ukuta mbele yangu kama mwizi. Atatoka mlangoni. Nitakaa hapa mpaka jua lifike utosini, na kama mlango hautakuwapo, basi hapa hakuna nyumba, maana hata zizi la mbuzi lina mlango. Kesho asubuhi tutapanda lori."

Akamketisha jogoo mapajani na kukaa juu ya kisiki.

Jua lilikuwa limebakiza mkono mmoja tu kufika utosini. Gaspar alishika msumeno mkubwa, ule wa watu wawili wenye mpini kila upande, akausimamisha mbele ya ukuta. Alimweleza Jovina kwa kunong'ona. Akikata, kila gogo litakuwa limekatika mara mbili, na kila kipande kitashikwa na kona moja tu, na yale yale yaliyomwangukia Kasiani yatawaangukia wao. Nyumba nzima ingelala chini mbele ya mzee. Alisema angejua angeacha nafasi tangu mwanzo. Alisema amekosea ramani.

Jovina aliondoa mikono mdomoni.

"Hujakosea. Sie hatuachi nafasi. Tunashona utepe mzima kwanza, mrefu kupita kiasi, ndipo tunakata pale tunapotaka."

"Na nini kitauzuia ukuta usiporomoke?"

"Bandi," alisema Jovina. "Unapiga bandi kwanza. Huku na huku. Kisha ukate katikati, nguo haiendi popote."

Fundi wa nguo yeyote anajua bandi, ile mishono mirefu ya muda inayoshikilia kitambaa kabla ya kazi yenyewe. Gaspar hakuwahi kushona hata kifungo, lakini alielewa mara moja, na aliyekuwa karibu angemwona anaelewa, maana alikaa chini, akasimama, akamshika Jovina mabega, akamwachia, akaenda kutafuta misumari. Palikuwa na mbao za mabaki kwenye zana zake. Alisimamisha mbao mbili upande huu na mbili upande ule, wima kutoka chini hadi juu, zikiwa na nafasi ya mlango kati yake, na akazipigilia kwenye kila gogo. Jovina alimpa misumari mmoja mmoja. Alimwambia msumari hapa, na hapa, usiruke, usifanye uvivu wa fundi mwanafunzi. Nje, Benedikto alisikia nyundo zinapigwa kwa mpango na akageuza kichwa.

Kisha Gaspar alitoa mpini mmoja wa msumeno, akapitisha bapa katika ufa wa juu, na akaomba kupitia ukutani, kwa unyenyekevu, kama kuna mtu huko nje anayeweza kurudisha mpini na kuvuta.

Mama Adelina alirusha khanga begani, akaudaka mpini uliotupwa juu ya ukuta, akaufunga na kuvuta. Akavuta tena. Halafu akasukuma. Bapa likapinda kama samaki, likalia. Akacheka, akasukuma zaidi, na Gaspar huko ndani naye, kwa hofu, akasukuma. Benedikto alistahimili mara tano au sita. Kwa miaka kumi na nane alikuwa mpasuaji mbao wa misheni, amepasua miti mirefu kuliko mnara wa kanisa, na kuna mambo ambayo mwanadamu hawezi kuyatazama akiwa ameketi.

"Dada, unaua msumeno," alisema, akampa jogoo.

Akashika mpini. Akangoja. Huko ndani Gaspar alihisi uzito mpya na akasimama. Benedikto alivuta taratibu, kisha akalegeza, na alipoona bapa limepinda tena aliinama karibu na ufa.

"Kijana. Unavuta tu. Ukishavuta, niachie mie. Msumeno huu hausukumwi, unakaribishwa."

Gaspar alivuta, akaachia. Benedikto alivuta, akaachia. Bapa likanyooka. Likaanza kuimba. Walikuwa hawajawahi kuonana, lakini kupitia kipande kile cha chuma kila mmoja alianza kumjua mwenzake: mzee alijua kijana ana nguvu na hana haraka, kijana akajua mzee ana hasira na ina mwisho. Unga wa mvinje uliwaangukia miguuni, mwekundu. Upande wa kushoto ulikwisha gogo kwa gogo hadi chini. Ukuta haukutikisika. Jovina alipiga makofi, akakumbuka, akaacha, akashindwa, akapiga tena.

Wakahamia kulia. Hapo kila gogo lilipokatika, kipande chake kilikuwa huru kikaanguka nje, na kwa kuwa walianzia juu, wakaonana kidogo kidogo. Kilipoanguka cha kwanza Benedikto aliona nywele zilizojaa unga wa mbao. Cha pili, paji la uso. Cha tatu, macho mawili yaliyomtazama kwa adabu na wasiwasi mkubwa, na hakuna aliyepoteza pigo hata moja. Cha nne, pua na mdomo, na mdomo ukasema shikamoo mzee tena, kwa vile sasa waliweza kuonana. Cha tano, mabega. Nyuma ya mabega, gauni jekundu linaruka ruka.

Kipande cha saba kilianguka jua likiwa utosini hasa, au limepita kidogo. Mama Adelina alisema halijapita. Alikuwa na jogoo na hakuna aliyetaka kubishana naye.

Benedikto alisimama mbele ya mlango alioukata kwa mkono wake. Alipapasa mbao za bandi, akazisukuma kwa bega, akauliza nani aliyefikiri jambo hili, na Gaspar akamwonyesha Jovina. Mzee alipiga hodi kwenye gogo, ingawa palikuwa wazi na wote walikuwa wanamwona, akangoja mpaka mtoto wa kaka yake akasema karibu, ndipo akaingia.

Kasiani alirudi na ngazi begani na mafundi tisa nyuma yake, amewaahidi mchezo, akakuta watu wanaingia na kutoka. Aliizunguka nyumba mara moja kwa uchungu. Kisha akamwambia Benedikto kwamba Wangoni hawajabadilika, mahali popote wakifika lazima wavunje ukuta. Benedikto akamjibu kwamba Mhehe akiona mlango anadhani umevunjwa, maana kwao wamezoea kuingilia dirishani. Kasiani alikubali kwamba hilo lilikuwa zuri. Akaiweka ngazi chini.

Posa ilitolewa pale pale, siku mbili kabla ya wakati wake, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyeweza kungoja. Viti havikuwapo. Walivisimamisha vile vipande saba vilivyokatwa mlangoni, wakavipanga kuzunguka jiko jekundu, wakaketi juu yake: mzee, Mama Adelina na jogoo, mshenga, na mafundi wanne waliowahi, wengine walisimama. Kasiani aliongea maneno ya posa vizuri kuliko yeyote alivyotegemea, akatia tusi moja tu mwishoni, kwa ajili ya mila. Kisha ukafika wakati ambapo binti huulizwa, na Benedikto alimgeukia Jovina na kumuuliza mbele ya wote kama watu hawa wapokewe au warudishwe.

Jovina alifungua mdomo kujibu na kicheko kikatoka. Alijaribu tena, kikatoka kingine, kirefu zaidi, na mafundi wakaambukizwa. Mama Adelina, naye anafuta machozi, alimkumbusha kwamba kicheko si jibu na baba yake mdogo ametoka mbali.

"Wapokeeni," alisema Jovina. "Lakini madirisha nitachagua mie."

Alivuka chumba, akagusa ukuta wa mashariki, ule wa giza, akasema moja hapa. Akafikiri, akagusa mwingine. Gaspar alikuwa ameshaanza kuokota misumari sakafuni, na baba mdogo Benedikto, ambaye muda wote ule hakuwa ameuachia msumeno, aliuliza waanzie lipi.